Siku Naftali Alipokwenda Kuiaga Mashine

Ikungi, mkoani Singida, upepo huamka kabla ya watu. Hupita kwenye alizeti, hugonga mabati, kisha huingia jikoni kwa Scholastika na kuuchezea moshi. Asubuhi hiyo Scholastika alikuwa anapika mlenda, mboga ya majani inayoteleza. Aliukoroga taratibu. Alinyanyua mwiko kuangalia kama unavutika. Akaonja, akaongeza maji ya magadi kutoka kwenye kibakuli.

Nje, mumewe Naftali alikaa kwenye kigoda. Alikuwa anatazama mti mkubwa nyuma ya shamba. Juu ya mti huo ilining'inia mizinga yake ya nyuki. Naftali alikuwa mrina asali tangu ujana. Zamani aliupanda mti huo huku anapiga mluzi. Siku hizi aliupanda kwa macho tu, miguu ikabaki chini.

Figo zake zilikuwa zimeacha kufanya kazi. Figo ndizo huchuja uchafu na maji ya ziada kutoka kwenye damu. Kwa kuwa figo za Naftali zilikuwa zimeshindwa, mashine ya hospitali mjini Singida ilifanya kazi hiyo badala yake. Kila wiki alikwenda huko mara tatu. Alilala kitandani karibu na mashine. Damu yake ilitoka, ikasafishwa, ikarudi mwilini.

Mashine ilimpa uhai, lakini aliiogopa. Karibu kila safari, misuli ya miguu yake ilikaza kabla ya muda kuisha. Vigimbi viligeuka vigumu kama jiwe. Naftali aliuma meno akanyamaza, maana alilelewa akiambiwa kwamba mwanaume halii. Aliposhindwa kabisa, aliomba atolewe kwenye mashine kabla ya wakati. Hata usingizi wake wa nyumbani uliharibika. Akifumba macho alisikia mashine inavuma.

"Baba Eliana, karibu chakula," Scholastika aliita. Eliana ni binti yao wa kwanza, ameolewa Kintinku.

Naftali hakugeuka. "Mama Eliana, kesho siendi."

"Huendi wapi?"

"Kwenye mashine. Siendi kesho wala siku nyingine. Nimechoka. Niacheni nikae hapa na nyuki wangu."

Mwiko ulimponyoka Scholastika. Alijua maana ya maneno hayo. Daktari aliwaambia waziwazi kwamba bila figo na bila mashine, mtu haishi muda mrefu. Aliogopa. Alitaka kupiga kelele, lakini alimjua mumewe. Naftali ukimsukuma, anakaza miguu kama punda. Basi akatafuta njia nyingine.

"Sawa," alisema. "Lakini watu wa hospitali wamekuhudumia vizuri. Utaondoka bila kuaga?"

Naftali alikuna kichwa. Alikuwa mtu wa adabu. Hata nyuki aliwapigia hodi kabla ya kurina asali yao.

"Kuondoka bila kuaga haifai," alikubali.

"Basi kesho nitakusindikiza, ukaage."

Naftali alikula mlenda na ugali wa uwele mpaka akaramba bakuli. Kisha akaomba maji. Baadaye akaomba tena, na tena. Kiu yake siku hizi haikuwa na mwisho.

Kesho yake walipanda basi kwenda mjini. Naftali aliegemea dirisha. Mawe makubwa ya Singida yalipita, moja limekaa juu ya jingine, kana kwamba mtu aliyapanga akaenda zake. Naftali akayaaga kimoyomoyo. Ziwa liling'aa kwa mbali, nalo akaliaga. Alijiona mwepesi, kama mtu anayeota huku macho yako wazi. Scholastika alikaa pembeni yake akisali bila kutoa sauti.

Hospitalini walimkuta Anifa, muuguzi wa chumba cha kusafisha damu.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Naftali. "Leo sikuja kulala. Nimekuja kuaga."

Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo Mzee Shamte, muuza vitenge wa sokoni. Yeye alikuwa ameshaunganishwa na mashine yake.

"Unahamia wapi, mzee mwenzangu?" aliuliza Shamte.

"Sihami. Naacha mashine."

Anifa alivuta kiti akakaa mbele ya Naftali.

"Baba, mwili ni wako na uamuzi ni wako. Lakini sitakuficha. Ukiacha, uchafu na maji yatajaa mwilini, na utakufa. Sasa niambie, ni nini kinachokufukuza hapa?"

Naftali alitazama chini. "Miguu. Inakaza mpaka naona giza. Nikiwa nyumbani naiogopa siku ya kuja. Nikifika hapa, mwili wote umeshakaza kwa hofu."

"Mbona inapoanza huniambii?"

"Mtu mzima nilie kwa sababu ya mguu?"

Shamte akacheka. "Mficha maradhi, kifo humuumbua! Mimi mguu ukianza kunong'ona tu, nampigia Anifa kelele mpaka sokoni wananisikia."

Anifa alimpandisha Naftali kwenye mizani. Akatikisa kichwa. "Umekuja na maji mengi tena mwilini. Baba, wewe ni mrina asali. Ukiuvamia mzinga kwa pupa, nyuki wanafanyaje?"

"Wanauma."

"Na ukienda taratibu?"

"Wanatulia."

"Misuli nayo ni hivyohivyo. Ukija na maji mengi, mashine inalazimika kuvuta mengi kwa muda mfupi. Misuli inakaza. Ukija na maji machache, mashine inavuta polepole, na misuli inatulia."

"Lakini kiu inamtesa," alisema Scholastika.

"Kiu mara nyingi huletwa na chumvi. Mama, nyumbani mnatumia chumvi?"

Scholastika alinyoosha mgongo. "Chumvi? Tangu daktari aikataze, haijavuka mlango wa jiko langu."

"Sasa huyu mzee anakula nini?" Shamte aliingilia. "Asiniambie mlenda!"

"Anakula mlenda, ndiyo."

"Bibi yangu alikuwa wa Kilimatinde, mlenda naujua. Hauvutiki bila magadi."

"Magadi naweka," alisema Scholastika. "Magadi si chumvi."

Anifa alimshika mkono kwa upole. "Mama, magadi na chumvi ni ndugu wa tumbo moja. Ndani ya magadi kuna kitu kilekile kinacholeta kiu na kuyashika maji mwilini. Jiko lako halina chumvi, lakini ndugu yake yumo."

Scholastika aliketi ukingoni mwa kitanda. "Jirani yangu aliniambia miguu inakaza kwa kukosa chumvi. Nikaiogopa chumvi kwa kuwa daktari aliikataza, nikaongeza magadi badala yake. Miguu ilivyozidi kukaza, nami nikazidi kuongeza." Machozi yakamtoka. "Kumbe ni mimi niliyekuwa namuumiza."

"Usilie, Mama Eliana," alisema Naftali. "Aliyekuwa anaramba bakuli ni mimi."

"Hukufanya kwa ubaya, mama," alisema Anifa. "Mimi niliuliza chumvi, sikuuliza magadi. Sasa tumejua. Ukipika, tafuta ladha kwenye kitunguu na kitunguu swaumu. Mboga za majani nazo zina kiasi chake. Fuata alichokuelekeza mtaalamu wa lishe. Usinunue chumvi mbadala ya dukani bila kutuuliza. Nyingine ni hatari kwa mgonjwa wa figo. Na wewe baba, daktari alikupa kipimo cha maji ya siku. Yanywe kwa kikombe kidogo, funda mojamoja. Kiu ikizidi, sukutua mdomo, uteme."

Kisha akamtazama Naftali machoni. "Lala leo tu. Baada ya hapo, kama bado unataka kuaga, utaaga."

Naftali alimtazama mkewe. Macho ya Scholastika yalikuwa mekundu.

"Leo tu," alisema Naftali, akapanda kitandani.

Anifa alizungumza na daktari. Daktari aliagiza maji yasivutwe yote siku hiyo. Yaliyobaki yangetolewa siku ya ziada, taratibu. Mashine ikaanza kuvuma.

Muda ulipita. Jua lilisogea ukutani. Ghafla Naftali alihisi kigimbi kinavutika. Akauma meno kama kawaida yake.

"Sema, mzee!" Shamte alimfokea. "Uso wako umeshasema, bado mdomo!"

Naftali aliyaachia meno. "Anifa... mguu umeanza."

Anifa alifika mara moja. Alimpima presha, akapunguza mwendo wa mashine wa kuvuta maji. Kisha akamwita Scholastika.

"Mama, shika kisigino. Goti linyooke. Sasa sukuma unyayo polepole, vidole vielekee upande wa goti. Usivute kwa nguvu. Shikilia hapo mpaka msuli ulegee. Na wewe baba, mkono wenye sindano usiuchezeshe hata kidogo."

Alileta kitambaa cha maji ya moto kilichokamuliwa. Alikijaribu kwanza kwenye mkono wake mwenyewe, kisha akakizungusha kwenye kigimbi.

"Mimi mbona huniwekei?" Shamte aliuliza.

"Wewe una kisukari, mzee. Miguu yako haisikii joto vizuri. Utaungua bila kujua. Wewe tunakunyoosha tu."

Scholastika alianza kuukanda mguu wa mumewe, taratibu, kwa viganja.

"Kanda hivyohivyo, mama," alisema Anifa. "Ila mguu mmoja ukivimba, ukawa mwekundu au wa moto, usiukande. Tuite. Na akisikia kizunguzungu, maumivu ya kifua au kukosa pumzi, tuite bila kusubiri."

Msuli ulikuwa bado unavuta, lakini si kama zamani. Anifa aliinama karibu na sikio la Naftali.

"Sasa tuitoe hofu, maana hofu nayo inakaza mwili. Vuta hewa kwa pua, polepole. Itoe kwa mdomo, polepole zaidi, kama unapuliza moshi kwenye mzinga. Mabega yaache yashuke. Mzee Shamte hapo anavuta tasbihi kwa mkono usio na sindano. Kila mtu ana njia yake. Wewe fumba macho. Nenda mahali unapopapenda."

Naftali alifumba macho. Alivuta hewa, akaitoa. Mwanzoni aliona giza tu na kusikia mashine inavuma. Akavuta tena, akaitoa. Sauti ile ikaanza kubadilika. Ilikuwa nzito, ya kusinzia, imetulia. Aliijua. Ilikuwa sauti ya nyuki.

Akajiona yuko chini ya mti wake. Alfajiri ilikuwa inafunguka. Alizeti zilikuwa bado zimeinamisha vichwa. Nyasi zilikuwa na umande, na umande ulikuwa baridi kwenye nyayo zake. Akapiga hodi kwenye gogo la mti. Akaanza kupanda. Miguu ilikuwa myepesi, ya kijana. Alipanda tawi kwa tawi, na upepo wa Ikungi ukamshika shati kwa nyuma, kwa utani. Kutoka juu aliona mabati ya nyumba yake yanang'aa, na moshi wa jiko la Scholastika ukipanda mwembamba kuelekea mawinguni. Nyuki walimzunguka. Hakuna aliyemuuma.

Alipofumbua macho, mguu ulikuwa umelegea. Scholastika alikuwa bado ameushika.

"Ulikwenda wapi?" alimnong'oneza.

"Nyumbani," alijibu Naftali.

Siku hiyo hakuomba kutolewa mapema. Alimaliza muda wake wote. Alipovaa viatu, Anifa alisimama mlangoni akimsubiri.

"Haya baba, unaaga?"

Naftali alikohoa kidogo. "Ya kuaga tuyaweke kwanza. Nitakuja siku ile ya ziada."

Scholastika aligeukia ukutani ili asionekane anavyolia kwa furaha. Lakini Shamte alimwona, akapiga kelele kama kawaida yake.

Nyumbani mambo hayakubadilika kwa siku moja. Kibakuli cha magadi kilitoka jikoni. Mlenda ukawa wa mara chache, tena kidogo, na haukuvutika kama zamani. Naftali aliununia siku kadhaa. "Huu mlenda au uji?" alinung'unika. Scholastika alimjibu, "Kula, miguu itakushukuru." Jirani yule naye alielezwa, akashika mdomo.

Polepole kiu ilipungua. Mizani ya Anifa ikaanza kusoma vizuri. Si kwamba misuli haikukaza tena. Ilikaza siku mojamoja, hasa baada ya Naftali kusahau kipimo chake cha maji kwenye harusi. Lakini sasa alisema mapema, wala hakuona aibu. Hakumeza dawa za kutuliza maumivu wala mizizi ya kuchemsha kwa kujiamulia. Akiwa amelala, alichezesha vifundo vya miguu taratibu kama Anifa alivyomfundisha. Na usingizi wa nyumbani ukamrudia.

Alizeti zikachanua, zikakauka, zikavunwa. Msimu wa asali ukakaribia.

Siku moja mchana, chumba cha mashine kilikuwa kimetulia. Shamte alikuwa anakoroma. Scholastika alikuwa anasuka ukili kwenye kiti. Naftali alilala amefumba macho, mabega yameshuka, uso wake umelainika. Mashine yake ikalia kuonyesha kwamba kazi imekwisha. Anifa akaja, akamgusa bega.

"Baba, muda umekwisha. Nikutoe?"

Naftali hakufumbua macho. Alitabasamu.

"Subiri kidogo, mwanangu," alisema. "Bado sijashuka mtini."