Mama Aliyefutwa Port Bell

Wapiga picha wa kujifurahisha wana ugonjwa mmoja: hawaoni watu, wanaona vitu vinavyowazibia. Anselme alikuwa na ugonjwa huo kuliko wenzake wote, na yaliyompata yalitokana nao. Mwenyewe hapendi kuyataja. Ukimtembelea leo kwenye kibanda chake cha vitenge kule Nakivubo, Kampala, ukamwuliza habari za kamera, atakupimia kitenge huku anaangalia chini.

Siku yenyewe ilianza kama Jumamosi nyingine yoyote. Alimwachia mkewe Annick funguo za kibanda, akaenda Port Bell kupiga picha ya mabehewa ya treni yanayosubiri kuvushwa ziwa kwa feri. Alikuwa anatafuta picha ya kuweka kwenye kikundi chao cha simu, Jicho la Wiki. Humo kulikuwa na Wakongo kama yeye na Reine, msusi wa nywele aliyemwita yaya kwa heshima ya kaka mkubwa. Kulikuwa na Olanya, askari magereza wa Luzira aliyependa ndege kuliko watu. Na wengine wa kila namna. Walielewana kwa Kiswahili kwa kuwa hakikuwa cha mmoja wao, kwa hiyo kilikuwa cha wote. Desturi yao ilikuwa moja tu. Kila Jumapili mtu anaweka picha, na chini yake anaeleza alivyoipata: lenzi gani, spidi gani, mwanga ulitoka wapi. Wenzake wanaikosoa bila kumwonea haya, halafu wanapeana mbinu. Picha bila maelezo haikupokewa.

Mabehewa yalikuwa mahali pake, mekundu kwa kutu, na ziwa nyuma yake limetulia. Tatizo lilikuwa mama mmoja aliyesimama mbele ya behewa la katikati na beseni lake la samaki wakavu. Mtu wa makamo, gauni la bluu, kitambaa cheupe kichwani. Anselme alingoja apite. Mama hakupita. Aliona kamera imemwelekea, akadhani ni kwa ajili yake. Akaweka beseni chini, akanyoosha gauni kwa viganja, akasimama wima na mikono ubavuni, kama wanavyosimama watu wasiozoea kupigwa picha.

Anselme angefanya nini? Akabonyeza.

"Nimetoka vizuri?" mama akauliza.

"Vizuri sana, mama."

Mama akafurahi. Akamweleza kwamba anaitwa Akidi, mjane wa mwanajeshi, na kwamba maisha yake yote hakuwahi kuwa na picha yake peke yake ila ile ya kitambulisho, nacho kilikwisha kupotea. Akaomba aletewe moja ya karatasi. Anselme akaahidi. Ahadi za wapiga picha wa barabarani tunazijua. Ni namna ya kuagana tu.

Nyumbani alikaa kwenye kompyuta akamfuta. Hakuna aliyemshinda kwa kazi hiyo. Kikundi kizima kilimtumia picha awaondolee nyaya za umeme, mapipa ya taka na wapita njia, na walimwita Mkono Safi. Unapitisha kalamu juu ya usichokitaka, na programu inachukua vilivyo karibu, inaziba pengo. Ilichukua kutu ikaziba kichwa. Ikachukua majani ikaziba gauni. Beseni likaondoka mwisho, na behewa likabaki peke yake, zuri mno.

Jumapili sifa zilimiminika. Reine akauliza alipataje mahali patupu vile, maana pale watu hawakosekani. Desturi ilidai jibu. Basi Anselme aliandika somo refu. Alisema alikaa juu ya jiwe akatulia mpaka watu wakapungua wenyewe, na kwamba mbinu kubwa ya mpiga picha si lenzi ya bei ghali, ni subira. Wakampongeza. Olanya akaomba aione picha ya asili, kabla haijaguswa, ajifunze ule mwanga. Anselme alihisi masikio yanawaka. Akaifuta ile ya asili kwenye kadi, akaifuta na kwenye kompyuta, ndipo akajibu kwamba imepotea kwa bahati mbaya.

Ikapita miezi. Asubuhi moja Olanya aliandika kwenye kikundi kwamba jirani yake, mama Akidi muuza samaki, amefariki kwa maradhi ya ghafla. Binti yake Adoch anatafuta picha ya kuweka juu ya jeneza na hana hata moja. Ila marehemu alikuwa akiwasimulia watu kwamba Mkongo mmoja mwenye kamera alimpiga picha pale mabehewani. Je, ni mmoja wetu?

Anselme aliusoma ujumbe kibandani, mteja amesimama mbele yake. Akaufunga. Akaufungua tena. Wazee walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Hapa aliyeijua ni Anselme, naye alinyamaza. Mama Akidi akasafirishwa kwao Gulu akazikwa. Adoch alikuwa amekwisha kununua fremu, akaiweka juu ya jeneza hivyo hivyo, kioo kitupu.

Baada ya hapo kikundi kilikwenda matembezi Kisenyi, kupiga picha kwenye gereji. Kesho yake Reine alimtumia Anselme picha moja. Ilikuwa nzuri: Anselme anacheka kando ya rundo la matairi, jua limemwangukia usoni. Reine aliomba kitu kidogo tu, amwondolee yule mama wa nyuma.

Mama alikuwa mbali, karibu na ukuta, amewapa mgongo. Gauni la bluu. Kitambaa cheupe.

Anselme alijiambia magauni ya bluu ni mengi Kampala. Akamfuta. Programu ikachukua matairi, ikaziba.

Haikupita wiki, Olanya naye akaleta yake, ya umati wa watu Nakivubo, Anselme akiwa pembeni anasawazisha lenzi. Naye aliomba hilo hilo. Safari hii mama alikuwa hatua chache nyuma ya Anselme. Mgongo bado. Anselme alizipekua picha zake mwenyewe za siku ile, za mahali pale pale, akaona mama hayumo hata katika moja. Alikuwa anatokea tu pale ambapo Anselme mwenyewe yumo ndani ya picha.

Hata hivyo akafuta. Mama alikuwa karibu naye mno sasa, mpaka programu haikupata kitu kingine cha kuzibia. Ikachukua mkono wa shati la Anselme. Ikachukua na kipande cha shavu lake.

Aliirudisha kwa Olanya. Alikuwa anaogopa, ndiyo, lakini woga haukuwa mkubwa kama aibu yake. Angeweza kumwambia mtu kwamba anaandamwa. Hakuweza kumwambia ni kwa nini.

Adoch alikuja kibandani mwenyewe, amefuatana na Olanya. Msichana mpole, macho mekundu. Hakulaumu. Alisema wanakwenda Gulu kumaliza matanga na ukoo wote utakuwepo, na kwamba amezunguka kwa wapiga picha wengi akiuliza.

"Ssebo," aliuliza kwa heshima, "ile picha ya mama iko kwa wewe?"

Anselme akasema kamera iliharibika. Njia ya mwongo ni fupi, lakini Adoch hakumsukuma mpaka mwisho wa njia hiyo. Alitikisa kichwa taratibu.

"Mama alisema ulimwambia ametoka vizuri," akasema. "Aliambia kila mtu. Mpaka siku yenye alikufa alikuwa anangoja."

Walipoondoka Anselme alikaa chini nyuma ya vitenge, mahali ambapo wateja hawamwoni, akalia kwa aibu. Alipomaliza kulia alifungua tena picha ya Reine, ile isiyoguswa, na ya Olanya. Akazitazama moja baada ya nyingine. Mbali, kisha karibu. Na katika ile ya pili bega la mama lilikuwa limeanza kugeuka.

Anselme akaelewa jambo. Uso wa Akidi haukuwepo tena popote duniani, isipokuwa upande ule wa pili wa kitambaa cheupe. Ulikuwa unakuja. Yeye ndiye aliyekuwa akiufukuza kila unapokaribia.

Akaenda kwa Reine, akamweleza yote kwa sauti ya chini, na somo la subira hakuliacha. Reine aliacha kusuka.

"Yaya, mi ile somo niliifundisha watoto wa dada yangu," alisema. Halafu akaenda kuchukua kamera.

Walifika Port Bell alasiri, jua kali, watu wakipakia mizigo kama kawaida. Kulikuwa na jiwe kweli mbele ya behewa la katikati. Anselme akakaa juu yake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa hapo.

Reine akapiga. Akaangalia kioo cha kamera. Kule mwisho wa mabehewa, penye maji, kulikuwa na gauni la bluu. Akainua macho. Hapakuwa na mtu.

"Yuko?" Anselme akauliza.

"Yuko mbali."

Akapiga tena. Mama alikuwa kwenye magurudumu ya behewa la tatu. Mgongo. Akapiga tena. Behewa la pili. Kichwa kimeanza kugeuka, sikio moja linaonekana. Wapakiaji walipita na magunia katikati yao, wakicheka. Hakuna aliyetazama.

Anselme alisikia harufu ya samaki wakavu.

Hakuinuka. Magoti yalitaka kuinuka yenyewe, akayashika kwa mikono. Jua lilikuwa linachoma, naye alikuwa na baridi mgongoni.

"Yaya." Reine alinong'ona. "Iko nyuma yako kabisa. Ameweka mkono kwa bega yako."

"Uso?"

"Bado."

"Piga."

"Tuache, tuende nyumbani."

"Reine. Piga."

Kamera ikalia.

Kitu kizito kilimtoka Anselme begani. Harufu ikaisha. Kukawa na mabehewa, na ziwa, na kelele za wapakiaji. Reine alikuwa ameinamia kioo. Akamtazama Anselme. Akatazama kioo. Akaja mpaka kwenye jiwe akamgusa kifua kwa kidole, kama mtu anayejaribu kama pasi imepoa.

Kwenye picha mama Akidi alisimama wima mbele ya behewa, gauni limenyooshwa, mikono ubavuni. Uso wake ulikuwa wazi, kila mkunjo, kila kope. Alikuwa anatabasamu. Ilikuwa picha bora kuliko zote zilizowahi kupigwa na kikundi kile. Mbele yake lilikuwepo jiwe.

Juu ya jiwe hapakuwa na mtu. Kutu ya behewa iliendelea vizuri mpaka kwenye majani, safi kabisa, ila mahali pamoja msumari wa behewa ulitokea mara mbili, ubavu kwa ubavu.

Hawakulizungumza hilo njiani. Waliichapisha picha kwenye karatasi kubwa mjini, na Anselme akampelekea Adoch kwa mkono wake mwenyewe. Alimweleza kwamba alimfuta mama yake kwa kuwa aliharibu mpangilio, na kwamba alisema uongo mara tatu. Adoch alisikiliza huku ameishika picha kwa mikono yote miwili. Alisema mama yake alikuwa na pengo la jino hapo, anafurahi limeonekana. Hakusema amesamehe, wala Anselme hakuomba.

Jumapili aliiweka picha kwenye Jicho la Wiki. Chini yake akaeleza ilivyopatikana, kama desturi inavyotaka, bila kuruka kitu. Hakuna aliyekosoa. Hakuna aliyetoa mbinu. Olanya peke yake aliandika neno moja: "Nimesoma." Anselme akajitoa kwenye kikundi kabla hawajamtoa.

Alidhani yamekwisha. Alirudi nyumbani akiwa mwepesi, mwenye haya lakini mwepesi, akamkuta Annick amesimama sebuleni na kitambaa cha kufutia vumbi. Mikononi alikuwa na picha yao ya harusi. Ilikuwa ya karatasi, iliyopigwa Bukavu kabla hawajakimbia, na tangu hapo haijawahi kutolewa kwenye kioo chake.

"Anselme," Annick alisema polepole. "Hii picha yetu, uliifanya nini?"

Alimpa. Annick alikuwepo, kijana, mzuri, na gauni lake jeupe la mikono mirefu, amesimama mbele ya pazia la maua la studio. Pembeni yake lilikuwa pazia. Ua lile lile, mara mbili, mara tatu. Mkono wake ulikuwa umekunjwa kumpa mtu asiyekuwepo aushike.

Anselme aliisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Annick alimsogelea, akaweka ncha ya kidole juu ya kioo, kwenye mkono wa gauni.

Kitambaa kilikuwa kimebonyea hapo. Mibonyeo minne imejipanga upande mmoja na mmoja upande wa pili, mizito, kama ya vidole vya mtu anayeshikilia kwa nguvu asiondolewe.