Mtaimbo Mtupu wa Winchi

Kila asubuhi, kabla ya chai, baba yake Redio alisimama mbele ya ukuta wa jikoni kama mtu aliyebisha hodi na kusubiri afunguliwe. Aliweka vidole vya mkono wa kulia ukutani, usawa wa kiuno, kisha akavitembeza kwenda juu, kimoja kikikitangulia kingine, taratibu kama buibui mzee. Mkono mzima ulivifuata nyuma. Vidole vilipogoma, baba alipumua, akasubiri kidogo, akavirudisha chini kwa utaratibu uleule.

Redio alikuwa binti wa darasa la sita. Jina hilo alipewa na baba yake, kwa kuwa habari ikishaingia sikioni mwake haikulala humo. Alitafuna mkate wake huku akitazama, na kila siku alistaajabu. Mwanzoni vidole vile viliishia kwenye swichi ya taa. Sasa vilikuwa vimeipita swichi, vikaupita urefu wake yeye, na vilikuwa vimeacha njia ya madoa hadi karibu na kizingiti cha juu cha mlango. Mama alilalamika kwamba fundi rangi mzima anachafua ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Baba alimwomba asiyafute madoa hayo, maana ndiyo picha pekee aliyowahi kuchora maishani.

Kabla ya madoa hayo, baba alikuwa mtu mwingine. Pale kwenye ukumbi wa mazoezi, ambao wote waliuita jimu, alijulikana kwa jina la Winchi, kama ile mashine ya kuinulia mizigo. Alikuwa akiutwaa mtaimbo, yaani chuma kirefu kinachovishwa sahani nzito za chuma kila upande, na kuuinua juu ya kichwa huku akitabasamu. Kisha siku moja, akipaka rangi dari la shule, ngazi iliteleza. Bega la kulia liliteguka na kano zake zikachanika. Mkono uliokuwa ukiinua vyuma haukuweza hata kushika kikombe cha maji.

Hospitalini alikabidhiwa kwa tabibu wa viungo, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya upole na amri za askari. Kazi yake ni kufundisha viungo vilivyoumia kufanya kazi upya. Redio alikuwa akimsindikiza baba huko baada ya shule. Aliona baba akivuta mpira uliofungwa kwenye kitasa cha mlango, taulo likiwa limebanwa chini ya kiwiko, jasho likimtoka kana kwamba anavuta lori. Aliona pia bega lile, lililokuwa limenywea, likianza kujaa tena. Hakuna aliyelifinyanga. Lilijijenga lenyewe, kimya kimya, ndani ya ngozi. Redio aliwaza kwamba hata mafundi wote wa mji wakikutana hawawezi kutengeneza kitu kama hicho.

Wiki ile tabibu alitoa habari njema. Baba angeweza kurudi jimu. Lakini alimkazia macho alipokuwa akimweleza masharti: apashe mwili moto kwanza, aanze na mtaimbo mtupu, bila sahani hata moja, apumzike siku moja kabla ya kurudia, na sahani ya kwanza ataiongeza baada ya yeye tabibu kulipima bega. Misuli ikichoka si neno, alisema, lakini maumivu yakichoma kama sindano, aweke chini palepale.

"Kano iliyopona bado ni changa," alimaliza. "Ukiichana mara ya pili, ngazi utaziangalia kwa mbali maisha yako yote."

Baba aliitikia kwa kichwa. Redio naye alisikia kila neno.

Tatizo lilianzia darasani. Redio alikaa dawati moja na binti wa kinyozi, ambaye kwa ukali wa ulimi wake aliitwa Pilipili. Siku hiyo Pilipili aliwauliza wenzake, kwa sauti ya kusikika mpaka ubaoni, kama wamewahi kuona winchi inayobebewa vitunguu na mke wake. Darasa lilicheka. Masikio ya Redio yalipata moto.

"Jumamosi njoo jimu," alisema. "Baba anainua vyuma vyake vilevile. Tabibu amemruhusu."

Nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli, na nusu hiyo ndiyo iliyompa ujasiri wa kusema nusu nyingine.

Alipopita mbele ya duka la kinyozi jioni, kinyozi mwenyewe alimwita. Alikuwa rafiki wa baba wa siku nyingi, na walifanya mazoezi pamoja. Mkasi ukiwa umesimama hewani juu ya kichwa cha mteja, alimuuliza kama yale aliyoyasema Pilipili nyumbani ni ya kweli. Hapo Redio alikuwa na nafasi ya kusahihisha. Lakini kinyozi alikuwa na furaha usoni kama mtu aliyerudishiwa ndugu, na yule mteja alikuwa akimtazama kwenye kioo. Redio alisema ndiyo. Kinyozi alifurahi kiasi kwamba mteja ilibidi amkumbushe kuwa upande mmoja wa kichwa bado.

Pale jimu walikuwa na desturi yao. Mwenzao akirudi baada ya kuugua au kusafiri, walimkaribisha kwa chuma chake: waliuvisha mtaimbo uzito uleule aliouinua mara ya mwisho, wakaufuta vumbi mpaka ung'ae, na hakuna aliyegusa chuma chochote mpaka mgeni auinue wake. Ilikuwa heshima kubwa. Haikuwahi kutokea mtu kuikataa.

Jumamosi baba alitia taulo na ule mpira wa kuvuta ndani ya mfuko, wakaondoka. Njiani alikuwa akipiga mluzi. Walipoingia jimu, mluzi ulikatika. Wanaume walikuwa wamejipanga pande mbili, na katikati, juu ya zulia la mpira, ulilala mtaimbo wenye sahani kubwa nyeusi zinazong'aa kama viatu vya bwana harusi. Pilipili alikuwa amekaa kwenye benchi, miguu ikining'inia.

"Karibu nyumbani, Winchi," alisema kinyozi. "Binti yako ametuambia tabibu amekufungulia milango yote."

Baba aligeuka akamtazama Redio. Hakukunja uso. Aliweka mfuko chini, akaenda kwenye kopo la chaki ya kuzuia chuma kisiteleze, akajipaka viganjani.

Hapo ndipo Redio alipoelewa. Baba hakuwa amesahau masharti. Baba hakutaka kumwita mwanawe mwongo mbele za watu. Angeinua vyuma vile ili kumsitiri. Redio alilitazama lile bega chini ya fulana, bega alilolishuhudia likijijenga siku baada ya siku, na akaona kwamba sentensi yake moja ilikuwa inakwenda kulibomoa.

Baba aliinama. Vidole vyake vilizunguka mtaimbo.

"Baba, usiinue," Redio alisema. Sauti ilitoka ndogo, akarudia kwa nguvu. "Nilidanganya. Tabibu alisema mtaimbo mtupu. Bila sahani hata moja. Nilidanganya darasani, nikamdanganya na kinyozi."

Baba aliachia mtaimbo, akanyooka. Kocha, mzee mwenye kipara ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alitoka kwenye kona yake, akapiga goti, akachomoa sahani ya kwanza. Kinyozi alisitasita, kisha akaenda upande wa pili akachomoa ya kwake. Sahani ziliondoka moja baada ya nyingine, na mtaimbo ukabaki mwembamba juu ya zulia.

Pilipili alinong'ona kwamba huo hata yeye angeuweza. Kinyozi alimkazia macho.

Winchi hakuugusa mtaimbo mara moja. Alipiga hatua palepale aliposimama mpaka jasho likaanza kumtoka. Alifunga mpira kwenye nguzo, akauvuta, kiwiko kikiwa kimebana taulo. Akausogelea ukuta, akavipandisha vidole vyake, kimoja kikikitangulia kingine, na wanaume wenye shingo nene kama magogo walisimama wakifuata vidole vile kwa macho. Baada ya hapo ndipo aliporudi, akainama, akauinua mtaimbo mpaka kifuani, akausukuma juu.

Ulipanda polepole. Usawa wa paji la uso mkono wa kulia ulitetemeka, naye Redio alikumbuka kwamba hapo ndipo ulipokuwa ukigoma zamani. Baba alisubiri, kama alivyosubiri mbele ya ukuta. Mtetemo ukatulia. Mtaimbo ukaendelea kupanda mpaka mikono yote miwili ikanyooka, ya kulia na ya kushoto, sawasawa, utadhani hakuna uliowahi kuvunjika moyo. Hakuna aliyepiga makofi. Kinyozi alikuwa amevua kofia yake bila kujua.

Baba alishusha, akapumua, akarudia kidogo, kisha akasema inatosha kwa leo. Kocha ndiye aliyezungumza kwanza. Aliwaambia kwamba amekaa katika ukumbi ule tangu nywele zake zikiwepo, ameona vyuma vikubwa vikiinuliwa, lakini hajaona mtu akiinua kitu kizito kama ule mtaimbo mtupu. Tangu siku hiyo, alisema, anayerudi kutoka kuumwa atakaribishwa kwa mtaimbo mtupu uliofutwa vumbi.

Njiani kurudi, Redio alitembea nyuma kidogo mpaka baba aliposimama kumsubiri.

"Unajua ningeinua kweli?" baba alisema. "Bega langu lingebeba uongo wako pamoja na vile vyuma."

"Najua, baba. Nisamehe."

"Nilikusamehe ulipofungua mdomo mbele ya watu wote. Mimi nilishindwa kuufungua wangu, nikatafuta chaki. Sasa tusikilizane, mwanangu. Mwili unapona kwa ukweli. Ukiudanganya kwamba una nguvu, utakuumbua. Na watu ni hivyohivyo: waambie ulipofika, si pale unapotamani uonekane umefika. Kuanza na kidogo si aibu."

Wiki kadhaa baadaye tabibu alilipima bega, akatabasamu, akaruhusu sahani ndogo kabisa, na baba akarudi kwenye ngazi zake, akipaka rangi kuta za chini kwanza.

Lakini hata kabla ya hapo, Jumatatu iliyofuata ile Jumamosi, darasa lilikuwa limejaa likingoja habari. Wale ambao hawakwenda jimu walitaka kujua Winchi ameinua nini.

"Mtaimbo mtupu," alisema Redio, kwa sauti ya kusikika mpaka ubaoni.

Wengine wakaanza kucheka. Pilipili aliwageukia.

"Nyamazeni," alisema. "Hamkuwepo."