Taya la Bi. Mwatumu

Kilegezataya kilizunguka uso wa Bi. Mwatumu mfano wa mtandio uliofungwa kidevuni. Kilikuwa utepe laini wenye vidole ishirini vidogo. Msuli wa taya ukikaza tu, vidole vilipata joto, vikasugua, na sauti ya upole ikamkumbusha: ulimi juu kaakaani, meno yasigusane. Kisha kilituma rangi Dodoma, kazini kwa aliyekibuni. Nyekundu, taya limekaza. Kijani, limelegea.

Aliyekibuni ni mhandisi Salha, bintiye wa pekee. Tangu afiwe na mumewe, Bi. Mwatumu alikuwa akiuma meno bila kujijua, hadi kiungo cha taya kikawa kinalia kila akitafuna. Hata muhogo wa kuchemsha ulimshinda. Tabibu wa viungo alimfundisha Salha kazi: kitambaa cha maji moto, kusugua chini ya sikio mara kumi, halafu mama afungue kinywa polepole mpaka vidole viwili vipite.

Basi kila siku saa kumi alasiri Salha alishuka pale Kondoa kwa treni mpya ya umeme itokayo Dodoma, akamkanda mamaye. Huku akikandwa, mama aliuliza habari za watu wote, na kumtania bintiye kwamba anamsukuma kama unga wa chapati.

Kazi zikamzidi. Akatengeneza kifaa, na jamani, tusimseme vibaya, alikitengeneza kwa mapenzi. Lakini safari zikawa za mara moja kwa wiki, halafu mara moja kwa mwezi, halafu ikabaki simu.

"Kifaa chako kizuri, mwanangu," mama alimwambia siku moja. "Ila hakina umbea."

Salha alicheka. Akaahidi kukiwekea taarifa ya habari.

Jambo moja lilimsumbua: kila saa kumi rangi iligeuka nyekundu. Aliongeza joto, akabadili mpigo wa vidole, wapi. Akadhani ni hitilafu ya kipimo.

Alhamisi moja, saa kumi na dakika chache, nyekundu ilififia. Ikaja kijani, kijani tupu, ambayo Salha na wenzake kazini hawakuwahi kuiona kwa miezi minane. Wenzake wakampigia makofi. Salha alipiga simu kumpongeza mama, haikupokewa. Akaona leo aende mwenyewe. Akanunua muhogo wa kukaanga, wa kutafunwa hasa, akapanda treni.

Mlangoni alikutana na jirani, Bi. Zamda, ambaye alimshika mkono. Ndani, Bi. Mwatumu alikuwa ameegemea kiti chake, kinywa wazi kidogo, na vidole ishirini vimetulia. Kifaa kilijua kupima taya. Uhai hakikufundishwa.

Salha akakifungua taratibu, akakiweka chini. Bi. Zamda akamwambia atafute kitambaa, marehemu afungwe taya kabla mwili haujakakamaa.

Kitambaa kilikuwa mezani, kimekunjwa kando ya beseni. Salha alitia mkono ndani ya maji. Yalikuwa bado vuguvugu.

"Ni ya nini haya?"

"Yako," alisema Bi. Zamda. "Kila siku saa kumi alikuwekea. Alisema, huenda leo Salha akaja."

Salha akalowesha kitambaa, akakikamua. Akasugua chini ya sikio la mama mara kumi, akihesabu kwa sauti, machozi yakimtoka. Taya lilikuwa laini kabisa. Ndipo akalifunga.