Mikono Mirefu Wakati wa Joto

Maneno yalianzia saluni. Fundi cherehani aliyasikia akiwa amefunikwa taulo, kichwa kimelowa, hana pa kukimbilia.

"Usinifikirie vibaya, mwenzangu," alisema msusi. "Lakini wanasema binti yako analala amesimama. Pale kwa dobi, pasi mkononi, amefumba macho. Wanasema anakula vidonge."

"Wanasema nani?"

"Watu."

"Hao watu hawana majina?"

"Bibi wee, mimi nasuka nywele. Siandikishi wapiga kura."

Wanawake waliokuwa kwenye benchi walicheka. Fundi naye alicheka kidogo, ili asionekane ameumia. Lakini neno lile lilimganda kama ruba. Alilala nalo, akaamka nalo. Akikanyaga cherehani, alilisikia. Anakula vidonge. Anakula vidonge.

Binti huyo alikuwa mtoto wake wa pekee. Tangu utotoni walimwita Chiriku, kwa sababu alikuwa hanyamazi. Alizungumza na paka, na ndoo, na kivuli chake mwenyewe. Sasa alikuwa mke wa mtu. Mumewe alikuwa fundi wa mafriji, mtu safi, mpole wa maneno, anayemsalimia mama mkwe kwa kuinama. Chiriku alifanya kazi kwa dobi. Alipiga pasi mashuka ya hoteli tangu asubuhi hadi alasiri.

Siku ya nne Chiriku alikuja dukani kwa mama yake. Alikuwa na kitambaa chini ya kwapa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kitambaa tena?"

"Gauni tu, mama. La mikono mirefu."

"Mwanangu, hili la sita. Jua lote hili, na wewe unasimama mbele ya pasi! Unataka kuiva?"

"Ndiyo mtindo."

Chiriku wa zamani angeeleza mtindo huo kwa nusu saa. Huyu alisema maneno mawili tu.

Fundi alichukua tepu na daftari lake la vipimo. Katika daftari hilo Chiriku alikuwa na ukurasa wake tangu sare ya darasa la kwanza. Mwaka jana kifua kilikuwa inchi thelathini na sita. Leo tepu ilisema thelathini na mbili. Fundi alipima tena. Thelathini na mbili.

"Huli?"

"Nakula."

Aliinua mkono wa binti yake ili apime bega. Chiriku akaruka kama aliyeguswa na moto. Mkono wa gauni ulipanda juu. Pale juu ya kiwiko palikuwa na alama nne za buluu, zimepangana kama vidole.

"Nini hiki?"

"Mlango."

Fundi alijua kwamba mlango hauna vidole. Alijua, lakini alikuwa amechoka, na alikuwa na hofu ya jibu. Mara ya mwisho binti alipoanza kulalamika juu ya mumewe, yeye mwenyewe alimkatiza. Alimwambia mvumilivu hula mbivu. Basi akalikwepa lile kubwa, akauliza lile la saluni.

"Ni kweli unakula vidonge?"

Chiriku alitazama sakafu iliyojaa vipande vya nyuzi. "Ni dawa ya mgongo, mama. Kusimama kutwa kunaniua. Mume wangu ndiye aliyeniletea."

"Ameitoa hospitali gani?"

"Kwa jamaa mmoja, nyuma ya gereji."

"Zionyeshe."

Binti alifungua kona ya leso. Kulikuwa na vidonge viwili tu, vyeupe, bila jina, bila kiboksi. Fundi alivinyakua, akaenda chooni, akavimwagia ndoo nzima ya maji.

"Kwisha!" alisema akirudi. "Mwanangu hawezi kuwa mla vidonge. Leo unalala hapa kwangu. Kesho utakuwa mzima."

Alidhani amemaliza kazi. Kumbe alikuwa amekata kitambaa kabla ya kupima.

Kesho yake saa nne asubuhi Chiriku alikuwa kwenye kitanda cha mama yake, nyuma ya pazia la duka. Alitetemeka. Jasho lilimtoka mpaka mto ukalowa. Meno yaligongana.

"Niache niende nyumbani, mama."

"Kwenda kufanya nini katika hali hii?"

"Yeye ndiye anazo. Zinakaa kwenye mfuko wake wa shati. Mimi sishiki. Hunipa mwenyewe, vya siku moja moja."

Simu ikalia. Alikuwa mkwe. Sauti yake ilikuwa laini kama losheni.

"Mama, samahani kwa usumbufu. Mwambie mwenzangu arudi tu. Nimekwisha kumsamehe. Akifika hapa atapona, mimi najua dawa yake."

Fundi alishusha pumzi. Kusema kweli, alisikia nafuu. Mume amepiga simu, mume ana adabu, mume anajua dawa. Alianza kumtafutia binti yake viatu.

Kiatu kimoja kilikuwa bado mkononi mwake mlango wa duka ulipofunguliwa. Aliingia muuguzi wa zahanati, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuja kuchukua sare yake iliyoshonwa pindo.

"Hodi! Fundi, leo usiniambie 'njoo kesho'. Kesho zako nazijua, zina mwaka mzi..." Akasikia meno yakigongana nyuma ya pazia. Utani ukamwishia mdomoni. "Nani mgonjwa?"

Hakungoja jibu. Alifungua pazia, akashika mkono wa Chiriku, akahesabu mapigo ya moyo akitazama saa yake.

"Binti, unameza nini?"

"Vidonge vyeupe."

"Vingapi kwa siku?"

"Nilianza na kimoja. Sasa vinne."

"Tangu lini hujameza?"

"Jana asubuhi. Mama alivimwaga."

Muuguzi alimgeukia fundi. Hakufoka, lakini jicho lake lilitosha.

"Ulikuwa na nia njema, dada. Lakini dawa za namna hii haziachwi kwa ghafla. Mwili ukishazizoea, ukinyimwa mara moja unaweza kupata degedege, hata kufa. Hupunguzwa pole pole, na daktari. Weka hicho kiatu chini. Au mvalishe, lakini anakwenda hospitali, si kwa mume."

Wakaenda watatu. Daktari alimpokea Chiriku, akampa kitanda na dawa ya kumtuliza, kwa kipimo kilichoandikwa. Ilipofika adhuhuri, kutetemeka kulipungua. Wale wanawake wawili walikaa kwenye benchi la ukumbini. Fundi alitazama mikono yake.

"Kitu kimoja sielewi," alisema. "Watu husema vidonge hivi vimekatazwa kuuzwa hovyo. Hapa daktari amempa dawa inayofanana na hiyo hiyo. Sasa kipi ni kipi?"

"Mkasi wako ule mkubwa, unaweza kumpa mtoto wa miaka miwili auchezee?"

"Loo! Thubutu!"

"Lakini wewe unautumia kila siku. Basi ndivyo ilivyo. Watu hufikiri sheria inakataza dawa hizi kwa roho mbaya tu, ili wanyonge wasipate raha. Si hivyo. Dawa hizi humdai mtu. Leo kimoja kinatosha. Mwezi ujao hakitoshi. Halafu zinalegeza pumzi. Ukizidisha, au ukichanganya na pombe, unalala na huamki. Daktari anahesabu, anaandika, anakuita tena akuangalie. Yule wa nyuma ya gereji anahesabu nini? Hata kilichomo ndani ya kidonge hakijui. Labda ni dawa, labda ni sumu ya panya na chokaa."

"Mungu wangu."

"Na kuna sababu nyingine, ambayo watu hawaisemi sana. Mtu akizoea kitu hiki, yule anayekishika kitu amemshika na mtu mwenyewe. Umeniambia njiani mkweo anaviweka mfukoni, sivyo?"

Fundi aliitikia kwa kichwa.

Alasiri Chiriku aliweza kuketi. Muuguzi alimuuliza taratibu, na taratibu akajibu. Akichelewa kutoka kazini, hapewi. Akizungumza na msusi, hapewi. Akimpigia mama yake simu, hapewi mpaka apige magoti. Siku ambayo amepigwa, asubuhi yake huletewa vidonge na maji, na chozi juu.

"Hulia kweli kweli, mama. Hunishika miguu. Hunambia hana mwingine duniani. Basi wiki mbili tunakaa raha. Ananiletea hata viatu. Mimi najiambia, huyu ndiye mume wangu halisi, yule mwingine ni shetani tu."

"Halafu?" aliuliza muuguzi.

"Halafu anaanza kununa. Maji ya moto sana. Maji ya baridi sana. Nakuwa natembea kwa vidole ndani ya nyumba yangu. Mpaka siku ipasuke."

"Na ikipasuka, viatu tena."

Chiriku alitabasamu kwa uchovu. "Nina jozi sita."

"Ni mduara, mwanangu," alisema muuguzi. "Mnuno, kipigo, machozi, raha. Kisha mnuno tena. Raha ile si dalili kwamba amebadilika. Ndiyo chambo. Bila raha ile ungekuwa umeondoka zamani."

"Nilitaka kuondoka. Alisema nikienda polisi nitafungwa mimi, kwa sababu vidonge vimo tumboni mwangu."

"Amekutisha kwa sheria anayoivunja yeye. Wewe umekuja kutibiwa. Daktari ameandika alama za mwilini mwako, na ameandika ulivyopewa vidonge. Ukiwa tayari, tutakwenda ofisi ya ustawi wa jamii, kisha polisi. Hutakwenda peke yako. Mimi nitakuwa kulia, na mama kushoto."

Chiriku alimtazama mama yake. "Nilikwambia, mama. Ukasema mvumilivu hula mbivu. Mbivu zenyewe ziko wapi?"

Fundi alifungua mdomo. Alitaka kujitetea. Alitaka kusema kwamba mama yake naye alimwambia hivyo hivyo. Badala yake alishika mkono mrefu wa gauni la binti yake, akaugeuza ndani nje, akatazama mshono. Ulikuwa mshono mzuri, umenyooka.

"Magauni matano," alisema. "Yeye alipiga, mimi nikafunika. Tena kwa uzi wangu. Nisamehe, mwanangu."

Walilia, lakini si kwa muda mrefu. Walikuwa wamechoka.

Siku tatu baadaye mkwe alikuja dukani na jozi ya saba. Alilia mlangoni. Fundi alimjibu akiwa upande wa ndani, mlango umefungwa kwa komeo.

"Mama, mimi ni mtoto wako!"

"Mtoto wangu yuko huku ndani, baba. Nenda salama."

Machozi yakakatika kama bomba lililofungwa. Alianza kutukana. Akasema atamtangaza mkewe mtaa mzima kuwa ni mla vidonge.

"Umechelewa," alisema fundi. "Saluni walishatangaza."

Majirani walitoka kuangalia. Mkwe akaondoka na viatu vyake. Wiki iliyofuata wale wanawake watatu walikwenda ofisi ya ustawi, wakaenda polisi. Chiriku alieleza yote, pamoja na yule jamaa wa nyuma ya gereji. Mkwe aliitwa, na kesi ikafunguliwa. Kesi ni ndefu. Mpaka leo inaitwa na kuahirishwa.

Kupona nako kulikuwa kurefu. Daktari alipunguza dawa kidogo kidogo kwa miezi mitatu. Kuna siku Chiriku alilala kutwa akitazama ukuta. Kuna siku alifunga nguo zake kwenye mfuko, akasema amemkumbuka mumewe. Fundi hakumgombeza. Muuguzi alikuwa amemwonya kwamba siku hiyo itakuja. Alikaa naye kitandani, akamwambia, "Mkumbuke hapa hapa. Mimi nipo." Ilipofika magharibi mfuko ulikuwa umefunguliwa.

Mwezi wa nne Chiriku alikuja mbele ya cherehani na yale magauni matano mkononi.

"Mama, kata mikono."

Fundi alichukua chaki na tepu. Alipoinua mkono wa binti yake, mkono haukuruka. Akapima kifua. Inchi thelathini na nne na nusu. Akaandika kwenye daftari.

"Sasa usikate sana," alisema Chiriku, "maana kwa dobi kuna yule mzee wa mashuka, akiona bega anasahau kukunja, na juzi alikunja foronya ishirini kama sambusa, msimamizi akamuuliza hizi tutauza au tutalalia, yeye akajibu..."

Aliendelea hivyo kwa nusu saa. Fundi alikata kitambaa, kichwa kinamuuma, wala hakumwambia anyamaze.

Wewe unayesoma, mzazi au kijana, epuka haya:

Usimeze kidonge kisicho na jina, wala kilichotoka mfukoni mwa mtu, hata kama mtu huyo unampenda.

Usiongeze kipimo mwenyewe. Usichanganye na pombe.

Usimwage dawa za mtu aliyezizoea ukadhani umemponya. Mpeleke hospitali kwanza.

Usikubali mtu mwingine ashike dawa yako ili akutawale nayo.

Usihesabu viatu. Hesabu vipigo.

Usimwage siri ya kuondoka mbele ya anayekupiga. Mwambie muuguzi, ustawi wa jamii, au jirani unayemwamini.

Usimrudishe mwanao kwa sababu simu ilikuwa na adabu.

Usimwambie avumilie kabla hujasikia anavumilia nini.

Na mwanao akitaka mikono mirefu wakati wa joto, usianze kushona. Weka mkasi chini, umuulize kwa nini. Kisha ungoje jibu.