Hodi, Moduli ya Sauti

Jioni, Kalunde alikuwa akimbembeleza mdogo wake, Shija.
"Lala, mtoto, lala. Kuku wamelala. Mbuzi wamelala..."

Hapo Kalunde akakwama. Mwisho wa wimbo alikuwa ameusahau.
Shija akalia. Ngaa, ngaa, ngaa.

Wimbo ule ulikuwa wa Bibi Nyanzala. Bibi alifariki mwaka jana, wakati wa kuvuna mtama.
Lakini Shangazi Mwasiti aliwahi kumrekodi akiimba. Sauti yake imo ndani ya kompyuta.

Shangazi akaiwasha, akaeleza kwamba kompyuta haiimbi bila kipande kidogo cha programu. Kipande hicho huitwa moduli ya sauti.
Kompyuta hii ilikuwa ya zamani. Je, moduli ilikuwamo?
"Tupige hodi kwanza," akasema Shangazi.

Akaandika. Ta-ta-ta, ti.
"Hodi, moduli ya sauti. Upo?"
Kompyuta kimya.

Kalunde akaomba wajaribu tena. Ta-ta-ta, ti.
"Hodi, moduli ya sauti. Upo?"
Kompyuta kimya.

Mara ya tatu, Kalunde alibonyeza mwenyewe. Ti.
"Hodi, moduli ya sauti. Upo?"
Kimya.

Kwao, hodi ni mara tatu. Usipoitikiwa, wenyewe hawapo. Unaondoka.
Kalunde akashuka kitini. Machozi yalimlengalenga.
"Haipo," akasema. "Bibi hatutamsikia."

Shangazi akampakata. Akamwambia ataje kitu ambacho hakiwezi kuwamo kwenye kompyuta.
Kalunde akafikiri.
"Maandazi."

Ta-ta-ta, ti.
"Hodi, moduli ya maandazi. Upo?"
Mara kioo kikajaa maandishi mekundu. Shangazi akamsomea: hakuna moduli ya maandazi.

Kalunde akafuta machozi.
"Kumbe isipokuwepo, inasema."
"Ndiyo, inasema."
"Na ikinyamaza?"
Shangazi akamwambia ajibu mwenyewe.
"Ikinyamaza, ipo," akasema Kalunde, polepole.

Shangazi akafungua wimbo.
Kwanza kikatoka kikohozi kidogo. Khu, khu. Kikohozi cha Bibi.
Kisha sauti yake.
"Lala, mtoto, lala. Kuku wamelala. Mbuzi wamelala. Ukisikia kimya, nami nipo."

Shija akanyamaza. Akapiga miayo. Akalala.
Kalunde akauimba wimbo mpaka mwisho, mara mbili, asije akausahau tena.

Kisha naye akaingia kitandani. Shangazi akazima taa.
Kalunde akanong'ona, "Hodi, Bibi. Upo?"

Kimya.

Kalunde akatabasamu, akafumba macho.