Tulipomwita kwa Bomba la Samawari

Wanaonijua wanajua mimi si mtu wa kusimulia mambo ya majini na mashetani. Nimekuwa askari wa wanyamapori miaka ishirini na sita katika bonde letu la juu, na kwa muda wote huo vitu vilivyonitisha vilikuwa viwili tu: dubu mwenye watoto, na mke wangu Tasleema nikiingia ndani na viatu vya matope. Hili nalisimulia kwa sababu lilimpata ndugu yake wa damu, na kwa sababu kosa ni langu.

Shemeji yangu huyo aliitwa Rayees. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za harusi mjini Srinagar, lakini moyo wake ulikuwa huku kwetu milimani, kwa hangul, kulungu wetu mkubwa mwenye pembe za matawi. Kila mwaka majani ya miti ya michinari yakianza kuwa mekundu, madume wakaanza kunguruma na kugombania majike, Rayees alifunga duka akaja kulala nami kwenye kibanda cha doria.

Nimewaona wapiga picha wengi, na wengi wao ningewachapa fimbo. Wanamkimbiza mnyama, wanammwagia chumvi ili asogee, wanajiweka katikati ya dume na majike wake. Rayees hakuwa hivyo. Alikaa upande ambao upepo unampiga usoni, asinuswe. Hakusogea karibu zaidi ya mita mia na hamsini. Jike mmoja akiacha kula na kuinua kichwa, yeye aliganda. Wakiinua wawili, alirudi nyuma. Na hakuruhusu mtu amwite dume kwa kuiga mngurumo wake, kwa sababu dume wakati huo hali kwa wiki kadhaa, anaishi kwa mafuta ya mwili wake, na ukimhangaisha bure hatauona mwisho wa baridi.

"Shemeji Sona," aliniambia asubuhi ile kibandani, "chai yako ina chumvi ya kukaushia samaki."

"Kunywa, wewe. Sukari ya mjini imekuozesha meno, sasa inaelekea kwenye akili."

"Na huu mkate umeoka lini? Enzi za babu yako?"

"Babu aliuacha akasema, huu ni wa mpumbavu mmoja atakayekuja kuoa picha badala ya mke."

Alicheka mpaka chai ikammwagikia. Nami nikacheka, ila roho ilikuwa inaniuma. Miezi minne nyuma daktari alimwambia kwamba mishipa ya macho yake inakufa. Theluji ikiyeyuka, hatakuwa akiona. Aliniambia mimi peke yangu, akaniapisha nisimwambie dada yake. Miaka mitatu alikuwa akitafuta picha moja tu, ya dume akinguruma katika ukungu wa alfajiri, na huo ulikuwa msimu wake wa mwisho. Zilikuwa zimebaki siku mbili.

Ndiyo maana, alipotoka kwenda kutawadha, nilichomoa bomba la moshi la samawari ya chai, nikaliingiza ndani ya ferani langu, joho letu la sufu, pembeni ya chungu cha makaa tunachobeba humo kujipasha joto.

Marehemu baba yangu alikuwa mwitaji, zamani wakubwa walipokuja kuwinda. Aliweka midomo kwenye bomba la shaba la samawari akanguruma, na dume alitoka hata akiwa ng'ambo ya pili ya mlima. Alinifundisha, akanipa na sharti moja. Kabla hujaita, wajue madume wote walioko bondeni. Kama kuna usiyemjua, usiite, rudi nyumbani unywe chai.

Mimi niliwajua. Mwaka ule walikuwa wanne, na wote nilikuwa nimewaona jana yake kule chini mtoni. Mbuga ya juu tulikokuwa tunakwenda haikuwa na dume hata mmoja. Nikajidanganya kwamba nikiita kule sitamhangaisha yeyote, labda atapanda mmoja wa wale wanne kutoka mtoni, na Rayees atapata picha yake. Penye mapenzi mtu hakosi kisingizio.

Tulifika kukiwa kumekucha. Majike kumi walikuwa wanakula majani upande wa kushoto, na ukungu ulikuwa umelala chini ya misonobari. Tukajificha nyuma ya gogo. Saa nzima ikapita. Rayees alipangusa jicho lake, akapangusa tena, nami nikajua si lenzi iliyokuwa na ukungu.

Nikalitoa bomba.

"Usifanye hivyo," alininong'oneza. "Shemeji, tafadhali."

"Hakuna dume hapa wa kumsumbua. Mara moja tu."

Nikanguruma. Sauti ikapanda mlimani, ikarudi, ikanyamaza. Rayees hakunitazama. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki.

Kisha kitu kikaitika.

Mimi nazijua sauti za madume kama mama anavyojua vilio vya wanawe. Ile sikuijua. Ilitoka msituni juu, nzito zaidi kuliko ya dume yeyote, na ilikatika katikati, mahali palepale pumzi yangu ilipokuwa imekatika. Majike wote kumi wakaacha kula. Wakainua vichwa.

"Yule pale," alisema Rayees, jicho likiwa kwenye kamera. "Mungu wangu. Shemeji, muone alivyo!"

Nikatazama. Mbuga ilikuwa tupu.

"Wapi?"

"Pale mbele ya misonobari. Mita mia mbili."

Nikachukua darubini yangu. Misonobari. Nyasi. Ukungu. Nikamtazama Rayees, akashusha kamera, akakodoa macho, akainyanyua tena upesi.

"Bila kamera simwoni," alisema. "Mia na hamsini."

Nikawageukia majike. Vichwa vyote kumi vilikuwa vinageuka pamoja, polepole, vikifuata kitu kilichokuwa kinatembea katikati ya mbuga. Kitu ambacho mimi sikukiona. Kilikuwa kinakuja kwetu.

"Tuondoke," nikasema.

"Mia na ishirini. Nikisogea, anasimama. Nikitulia, anakuja." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Upepo unampiga yeye usoni sasa. Ameuzunguka upepo, shemeji. Anafanya kama ninavyofanya mimi."

"Rayees, inuka."

"Tisini."

Nilimshika upindo wa ferani, nikamvuta. Tuliteremka mlima ule mimi nikitangulia, yeye akitembea kinyumenyume na kamera usoni. Hakuthubutu kuishusha. Nilimwelewa. Heri ujue kilipo.

"Sabini," alisema. Tukavuka kijito. "Sitini." Tukapita miamba. Nilisoma kila aya niliyoijua. Kibanda kilipoonekana akasema hamsini, na tangu hapo namba haikubadilika. Kilisimama. Hakikutudhuru. Kilikuwa kinatutazama tu.

Nyumbani tulizitazama picha. Arobaini na moja. Mimi na Tasleema tuliona nyasi na majike waliokodoa macho. Rayees aliweka kidole juu ya kila picha, akatuonyesha pembe, shingo, mvuke wa pumzi. "Huyu hapa. Hamuoni? Huyu hapa." Tasleema alinitazama, na jioni hiyo ilibidi nimwambie habari ya macho.

Tulimhamishia kwetu, chumba cha chini upande wa bustani. Daktari alituambia tusiogope. Alisema ubongo ukikosa macho hujichorea picha wenyewe, na wagonjwa wengi huona watu na wanyama wasiokuwapo. Nilimwamini. Nilitaka sana kumwamini. Hata hivyo tulimleta na shehe, akamsomea, akamfunga hirizi mkononi. Rayees alimshukuru kwa adabu. Shehe alipotoka, Rayees aliniambia kitu kile kilikuwa kimesogea nyuma ya miti ya mipopla bustanini kumpisha mgeni, na sasa kimerudi.

Baridi ikaingia. Macho yake yakafa kama daktari alivyosema, kwanza pembeni, halafu katikati. Asubuhi moja Tasleema alimwinamia na kikombe, akamuuliza kama anamwona. Akamwambia hapana, dada. Akanyoosha mkono akaupapasa uso wake wote, na Tasleema akalia bila sauti ili asimsikie.

Nilipobaki naye peke yangu aliniambia, "Dunia yote imezimika, shemeji. Uso wa dada yangu umezimika. Yule dume tu ndiye ninayemwona, na sasa hata sihitaji kamera."

"Yuko wapi?"

"Chini ya dirisha. Amelala."

Nilitoka nje. Theluji ilikuwa imefika magotini, na bustani nzima ilikuwa nyeupe, haina alama hata ya paka. Chini ya dirisha lake palikuwa na sehemu isiyo na theluji. Nyasi zilikuwa zimelala, zimebonyea, ukubwa wa mnyama mzito aliyekunja miguu. Niligusa. Palikuwa na joto.

Nilichukua koleo nikapafukia kwa theluji, Tasleema asipaone. Kesho yake palikuwa wazi tena. Nikapafukia tena. Nilifanya hivyo majira yote ya baridi, kila siku baada ya sala ya alfajiri, mtu mzima na mvi zangu, ninafukia theluji kama mwizi. Sikujua kitu kingine cha kufanya.

Nilimwuliza kama anaogopa.

"Mwanzoni niliogopa," alisema. "Lakini ana adabu kuliko sisi. Nikishtuka, anarudi nyuma. Hanigusi. Anangoja tu nimzoee." Akajifunika blanketi mabegani. "Ninamzoea, shemeji. Hilo ndilo linalonitisha."

Majani yalipoanza kuwa mekundu tena, nilipanda mbuga ya juu na bomba la samawari. Mimi ndiye niliyeita, basi kije kwangu. Nilinguruma mpaka midomo ikapasuka. Nilinguruma na damu mdomoni. Nikasema kwa sauti, mbele ya Mungu na misonobari, nichukue mimi, mwache yeye. Majike walikuwa wanakula kushoto kwangu. Hata mmoja hakuinua kichwa.

Niliporudi nilimkuta Rayees amekaa kitako kitandani, uso ameuelekeza dirishani.

"Amesimama," aliniambia.

Nilipiga misumari dirisha lile. Tangu jioni hiyo nililala mlangoni pake, mgongo kwenye ubao, siku sita. Siku ya saba, alfajiri, nilimsikia ndani akitawadha na kusali. Nikamsikia akinong'ona kitu, taratibu, kama mtu anayehesabu namba zikishuka. Kisha kimya. Nikadhani amelala.

Tasleema alileta chai. Tukagonga. Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani, nikauvunja kwa bega. Misumari ya dirisha ilikuwa mahali pake yote. Ferani lake lilikuwa kitandani, limekunjwa vizuri, na hirizi juu yake. Blanketi lilikuwa bado na umbo lake.

Nilikimbia bustanini. Umande ulikuwa haujaguswa, nyayo zangu zilikuwa za kwanza. Chini ya dirisha nyasi zilikuwa zimebonyea palepale pa siku zote. Pembeni yake palikuwa na mahali pengine palipolaliwa, padogo kidogo, papya, nyasi zake zikiwa bado zinajiinua moja moja.

Nilipiga magoti. Nikaweka kiganja pa kwanza, kisha pa pili. Pote palikuwa na joto.

"Umemwona?" Tasleema aliniita kutoka ndani, akipiga vioo vya dirisha nililolipigilia misumari mwenyewe. "Wewe, si nakuuliza! Umemwona ndugu yangu?"

Sikuthubutu kuondoa mkono wangu, kwa sababu pale padogo palikuwa panaanza kupoa.