Mchumba Wangu Aliionyesha Programu Yangu Akasema ni Yake

"Hii programu nimeiandika mwenyewe, kwa miezi mingi!"

Hayo maneno aliyasema Yoramu. Mchumba wangu.

Na programu iliyokuwa inawaka pale ukutani ilikuwa YANGU!!

Wadau, mimi nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Ukiwa binti uko field, yaani mafunzo ya vitendo kazini, chai ndiyo kazi ya kwanza unayopewa...

Ilikuwa Moshi, 2004. Mimi na Yoramu tulisoma kompyuta chuo kimoja Dar, na wote tulipata field kwenye kampuni ya kupandisha watalii mlimani.

Programu yangu ilikuwa inaonyesha kila kundi liko kambi gani, na mpagazi yupi hajashuka. Niliiandikia nyumbani Machame, kwenye kompyuta kuukuu, nikaihifadhi kwenye diski. Umeme ukikatika, naanza upya. Macho yanawasha kama nimepikia kuni mbichi.

Mkurugenzi wa kampuni akapiga makofi.

"Kijana, ukimaliza chuo, kazi unayo!"

"Hiyo ni yangu," nikasema.

Watu wakageuka kunitazama.

"Wewe si mchumba wake?" mkurugenzi akauliza.

"Ndiyo, lakini..."

"Basi hayo ni ya wachumba. Malizaneni nyumbani. Tuwekee chai."

Nikawawekea.

Nje nikamshika Yoramu shati.

"Umeitoa wapi?"

Hakunitazama.

"Kamuulize mama yako."

Nini??

Nikapanda Machame. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi za kiburu, zile za kupika na maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona mapema?"

"Ulimpa Yoramu diski yangu?"

Kisu kikasimama.

"Alikuja kuiomba. Nikampa."

"Ulijua ni kazi yangu?"

"Nilijua, Aichi. Ndiyo maana nikampa."

Mae!! Mama yangu mzazi...

"Baba yako aliondoka mwaka ule duka langu lilipochangamka," akasema. "Mwanaume hakai kwenye nyumba ambayo mke anamzidi. Nilitaka uolewe, udumu."

Nilidhani nitapiga kelele. Sikuweza. Nilikuwa nimechoka, ule uchovu ambao hata machozi yanaona uvivu kutoka. Nikavuta kigoda, nikachukua kisu cha pili, tukamenya wote.

Baadaye nikamwambia:

"Mama, simtaki mtu ambaye lazima nijifiche ndipo akae."

Usiku huo hakugusa chakula.

Jumatatu akavaa kitenge chake cha kanisani, akashuka mjini. Sikujua! Aliingia mpaka ofisini kwa mkurugenzi.

"Mimi ndiye niliyeiba," akamwambia. "Programu ni ya binti yangu."

Mkurugenzi alimsikiliza vizuri tu. Akamwagiza soda.

"Nimekuelewa, mama. Lakini wenye kampuni wameshamkubali kijana. Siwezi kurudi nyuma."

Soda mama hakuinywa.

Akapita mnadani akanunua mbuzi, akaenda moja kwa moja kwa kina Yoramu amemkamata kamba. Mimi nilisimuliwa na shangazi aliyekuwepo.

"Yule mbuzi mliyemleta kuchumbia tumeshamla," akawaambia wazee. "Huyu ndiye wa kurudisha. Binti yangu haolewi hapa."

Baba yake Yoramu akacheka.

"Mama Aichi, huyo msichana atazeeka kwako!"

"Azeeke. Kitanda kipo."

Msidhani hapo mambo yalininyookea. Chuo walikataa ripoti yangu, wakasema nimenakili kazi ya mwenzangu! Nikarudia field mwaka uliofuata, kwenye kampuni nyingine, na programu nyingine niliyoianza kutoka mstari wa kwanza. Wenzangu wamevaa majoho, mimi natafuta kosa kwenye skrini. Kuna siku nililala juu ya meza, nikaamka alama za vitufe ziko shavuni.

Yoramu alipata ile kazi. Alidumu nayo au hakudumu, sijui. Nimechoka hata kutaka kujua.

Mimi leo ni mhandisi wa programu. Miaka imekwenda, mgongo unauma, miwani imenenepa. Mama naishi naye. Simu ya kazini ikilia tuko mezani, ananifunikia sahani.

Mnaosoma, nawaachia hili: adui akikuibia, usingizi bado utaupata. Anayekupenda anaweza kukufukia huku anakuombea, na mikono yake ina nia njema kabisa. Wako wa nyumbani mwambie mapema unachotaka, umwambie kwa mdomo, kabla hajakuchagulia.